Presha Inaposhuka Kwenye Mashine: Tazama Saa Kwanza

"Sista, nimeanza kupiga miayo."

Mzee aliyeniambia hivyo hakuwa na usingizi. Huu ni mwaka wake wa pili wa kusafishwa damu, na keshajua mwili wake unavyobisha hodi kabla haujamwangusha. Nilipompima ilikuwa 92 kwa 50. Nusu saa nyuma ilikuwa 138 kwa 80. Tukasimamisha uvutaji wa maji, tukalaza kiti, tukainua miguu. Hazikupita dakika kumi akawa anaulizia redio. Jirani yake, ambaye hunyamaza mpaka aone kiza, siku hiyo hiyo alitapika, akakazwa na vigimbi vyote viwili, akateremshwa saa nzima kabla ya muda wake na kilo mbili za maji zikiwa bado mwilini.

Mimi ni nesi wa kitengo cha dayalisisi, yaani kusafisha damu na kuvuta maji ya ziada kwa mashine pale figo zinaposhindwa. Ninayoandika hapa ni kwa anayekaa kwenye kiti na ndugu anayemsindikiza. Wengi huuliza, "Imeshuka mpaka ngapi?" Mimi huanza na "Imeshuka saa ngapi?" Presha iliyoshuka dakika ya 20 na ile iliyoshuka saa ya nne huitwa jina moja, lakini chanzo chake mara nyingi ni tofauti kabisa, na ukikosea chanzo utatibu kitu ambacho hakipo.

Ikishuka sasa hivi

Sema mapema. Dalili za mwanzo ni ndogo na watu huziona aibu kuzitaja: miayo, kijasho chembamba kwenye paji la uso, masikio kama yameziba, kichefuchefu, tumbo kukata na kutaka choo ghafla, sauti za watu kwenda mbali. Hiyo ya kutaka choo iangalie sana, maana mgonjwa huomba afunguliwe asimame, na akisimama ndipo anapoanguka. Mwenye kisukari cha miaka mingi anaweza asipate dalili yoyote, kwa sababu neva zinazotakiwa kubana mishipa na kupiga kengele zimekwisha kuharibika. Huyo apimwe mara nyingi zaidi, hata akisema yuko salama.

Nesi atasimamisha uvutaji wa maji, atakulaza, atainua miguu, atapima tena, na pengine atakuwekea oksijeni. Kwa hesabu ya kawaida tunasema presha imeshuka pale namba ya juu inapopungua kwa 20 au zaidi na mgonjwa akaona dalili. Chini ya 90 hatusubiri dalili. Isipopanda, atakurudishia maji ya dripu ya chumvi, mililita 100 hadi 250.

Maji hayo huokoa maisha, ila yana bei. Mililita 250 za dripu hiyo zina chumvi gramu 2.25, karibu nusu ya gramu 5 ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri mtu asizidishe kwa siku nzima. Chumvi hiyo unaondoka nayo. Jioni kiu inakushika, unakunywa, kikao kijacho unakuja mzito zaidi, tunavuta kwa kasi zaidi, presha inashuka tena, tunarudisha dripu tena. Nimewaona watu wanazunguka humo miezi mizima wakiamini mashine haiwapendi.

Kisima na ndoo

Mashine haivuti maji miguuni. Inavuta kwenye damu tu. Mtu mzima ana damu kama lita 5, na sehemu yake ya majimaji ni kama lita 3. Basi mtu amekuja na kilo 3 za ziada: tungevuta lita 3 na mwili usirudishe kitu, mishipa ingebaki mikavu. Kinachomwokoa ni kwamba maji yaliyolala kwenye nyama hurudi taratibu ndani ya mishipa kujaza nafasi. Ni kama kisima. Maji yapo chini, lakini chemchemi ina mwendo wake. Ukiteka kwa pupa, ndoo itagonga mchanga hata kama ardhi yote imelowa. Ndiyo sababu presha huweza kushuka huku vifundo vya miguu bado vimevimba, jambo linalowashangaza ndugu kila mara: "Mbona bado amejaa?"

Mwili una msaada mwingine wa pili: moyo kupiga kwa nguvu zaidi na mishipa kujibana. Chochote kinachochelewesha chemchemi, kinacholegeza mishipa au kinachochosha moyo, kitashusha presha. Sasa turudi kwenye saa.

Dakika 30 za mwanzo

Hapa bado hatujavuta maji ya maana, kwa hiyo usiharakishe kulaumu maji. Uliza dawa. Dawa ya presha kama amlodipine au nifedipine aliyomeza saa kumi na mbili asubuhi inafika kileleni akiwa tayari kitini. Wengine daktari huwapangia dozi ya siku ya kusafisha waimeze jioni, baada ya kikao. Lakini usijipangie mwenyewe: dawa nyingine zipo kwa ajili ya mapigo ya moyo wala si presha peke yake, na ukiziruka unaweza kuharibu zaidi. Tena dawa hazifanani mbele ya mashine. Atenolol na lisinopril huondolewa na mashine kwa kiasi kikubwa. Carvedilol na amlodipine hazitoki. Mpelekee daktari vidonge vyako vyote ndani ya mfuko mmoja, pamoja na vile vya duka la dawa la mtaani na vile vya nguvu za kiume ambavyo wanaume huvificha. Hivyo vya mwisho hulegeza mishipa kuliko mnavyofikiri.

Uliza pia alifika na presha ngapi. Aliyeanza na 98 hana pa kushukia. Kama hiyo ndiyo hali yake mpya, kuna sababu: kuharisha tangu jana, homa, damu kupungua, kula kidogo wiki nzima.

Homa na kutetemeka dakika chache baada ya kuunganishwa, hasa kwa mwenye katheta (mrija wa kutolea damu) shingoni, tunaihesabu kuwa ni maambukizi ya damu mpaka vipimo viseme vingine. Asiambiwe ni baridi ya kiyoyozi.

Baridi yenyewe ina kisa chake. Maji ya mashine, yaani yale yanayopita upande wa pili wa chujio kuisafisha damu, yakiwa moto, mishipa ya ngozi hupanuka na presha hushuka. Kwa hiyo mtu wa kushukashuka huwekewa nyuzi 35.5 au 36 badala ya 37. Anaona baridi, anatetemeka kidogo, halafu ananisihi: "Mwanangu, niongezee joto." Bibi, lete shuka na soksi, mashine niachie. Ila mkono wenye fistula, yaani mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili upokee sindano za mashine, uache nje ya shuka. Sindano ikichomoka chini ya blanketi, damu hulowesha godoro kimya kimya, na presha inayoshuka ndiyo dalili ya kwanza tunayoiona. Hapo tena si presha ya maji, ni ya damu.

Katikati, kila mara baada ya chapati

Ukila, damu hukimbilia tumboni. Kwa mtu mwenye afya haina neno. Kwa mtu ambaye tunamvuta maji muda huo huo, ni kufungua bomba la pili kwenye tangi moja. Kuna baba mmoja aliyekuwa anashuka saa ya pili kila Alhamisi, Jumatatu hapana. Tulichunguza mashine, tukabadili kiti, mwisho tukagundua Alhamisi ndiyo siku binti yake hana kazi, na hutokea na hotpoti ya wali na nyama. Wali ukasogezwa mpaka baada ya kikao. Imekwisha.

Si kila mtu lazima afunge. Aliyekonda anahitaji chakula popote atakapokipata, na mwenye kisukari akikaa saa nne bila kitu sukari inaweza kushuka. Jasho na kutetemeka kwake vikafanana na presha, kwa hiyo mpime vyote viwili. Ila kama historia yako ni ya kushuka, kula saa mbili kabla, na kitini uonje kidogo tu.

Saa ya tatu na ya nne

Hapa ndipo kesi nyingi zilipo. Presha iliyosimama vizuri inaporomoka mwishoni, na chanzo huwa kimojawapo kati ya viwili: tunavuta haraka mno, au tumevuka mahali pa kusimama.

Anza na kasi. Chukua mama wa kilo 60 aliyekuja na kilo 63.6. Tunaongeza kama mililita 400 za maji ya kurudishia damu na chai atakayokunywa kitini. Jumla lita 4 kwa saa 4, yaani lita moja kila saa. Gawa kwa uzito wake: karibu mililita 17 kwa kila kilo kwa saa. Kiwango tunachokihofia ni 13, na wengi tungependa chini ya 10, kwa sababu juu ya hapo si presha tu inayoumia. Moyo nao hukosa damu ya kutosha kidogo kidogo, kikao baada ya kikao. Kwa 13, mama huyu atatoa lita 3.1 tu kwa saa nne. Zile 0.9 zilizobaki zina njia mbili: aongezwe saa moja na dakika chache kitini, au arudi siku nyingine. Njia ya tatu ni kuzivuta hivyo hivyo kwa nguvu, na ndiyo inayochaguliwa mara nyingi kwa sababu gari limeshafika nje na zamu ya pili inasubiri kiti.

Huku kwetu Afrika Mashariki wengi husafishwa mara mbili kwa wiki, ilhali ratiba iliyozoeleka kwingi duniani ni mara tatu. Wa Jumatatu na Alhamisi ana siku nne za kuvuka kutoka Alhamisi hadi Jumatatu. Akiongeza kilo moja kila siku, amefika na nne. Kwa hiyo ukiambiwa "ongeza saa", usione ni adhabu. Kukaa saa tano ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote nilizowahi kuona zikifanya kazi kwenye tatizo hili.

Halafu uzito mkavu, yaani uzito wa mwili wako ukiwa hauna maji ya ziada. Ndio unaotuambia tusimame wapi, na watu husahau kwamba hausimami. Mama mmoja alianza kwetu akiwa amekwisha, kilo 52. Miezi minne baadaye hamu ya kula ikarudi. Akaja na gauni lile lile la kitenge, safari hii likiwa limembana mikononi. Karatasi yake bado ilisema 52. Kila kikao, saa ya tatu na nusu, vigimbi vinakaza, presha 88, dripu. Tulikuwa tunamvua nyama tukidhani ni maji. Daktari akapandisha nusu kilo, tena nusu, mpaka 54, na makelele yakaisha. Kinyume chake ni hatari vilevile: aliyekonda kwa kuugua huonekana uzito wake haujabadilika kwa sababu maji yameziba nafasi ya nyama, presha inakaa juu na usiku anashindwa kulala chali.

Na mizani yenyewe! Mzee mmoja alipimwa akiwa na koti, funguo, simu na betri ya kuchajia mfukoni. Koti likavuliwa na kutundikwa, mashine ikapangiwa kuvuta hadi lile koti. Kilo moja na robo. Alizimia akiwa amebakiza dakika 25. Pima ukiwa na nguo nyepesi zile zile, mifuko mitupu, viatu chini, kabla na baada, na namba ikikushangaza panda tena.

Kilo zinazoingia nyumbani

Watu hupigana na maji na kuiacha chumvi. Ni vita ya kushindwa. Gramu 9 za chumvi huulazimisha mwili ushike kama lita moja ya maji, na kiu haitatulia mpaka lita hiyo iingie. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 5 hadi 6. Ng'onda, dagaa waliotiwa chumvi, achari, viungo vya mchuzi vya pakiti, tambi za haraka na kipakiti chake, soseji, krispi, chipsi za kibandani zinazomwagiwa chumvi mara mbili: hizo ndizo lita zenyewe. Pika kwa ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, bizari. Usihamie chumvi mbadala ya dukani bila kuuliza, maana nyingi zina potasiamu, na potasiamu kwa mgonjwa wa figo husimamisha moyo. Madafu nayo yamo katika hesabu hiyo, hata kama jua la Februari linawaka.

Kiasi cha kunywa: mkojo wako wa saa 24, ongeza nusu lita hadi robo tatu. Aliyeacha kukojoa anabaki na hiyo nusu. Uji, supu, mchuzi mwingi, barafu, tikiti, vyote ni maji. Mwezi wa Ramadhani tunaziona kilo baada ya futari, maana uji, chai, tende na juisi huingia ndani ya saa moja. Mwenye kisukari aangalie sukari kwanza. Ikiwa juu, kiu hiyo hakuna nidhamu itakayoizima. Kilo kati ya kikao na kikao zisizidi asilimia 4 ya uzito mkavu: kwa wa kilo 60, kama kilo mbili na nusu.

Misuli kukaza

Mara nyingi ni ndugu wa presha ya mwishoni: uvutaji wa haraka, au uzito mkavu uliowekwa chini mno. Wakati mwingine sodiamu ya maji ya mashine iko chini sana ukilinganisha na ya damu. Nyoosha mguu, vuta vidole kuelekea kwenye goti, mtu akukande. Ikiwa ni kila kikao, usiombe dawa ya misuli. Omba uzito mkavu upimwe upya.

Imeshuka, na bado amevimba

Hii ndiyo inayonikosesha usingizi. Mgonjwa ana maji, tunajua, lakini hatuwezi kuyavuta. Nne za kutafuta ni hizi: albumini ndogo, damu pungufu, moyo dhaifu, na maji kwenye mfuko unaozunguka moyo. Albumini ni protini ya damu, nayo ndiyo inayoyaita maji yarudi kwenye mishipa. Ikipungua chemchemi inakufa. Anayesafishwa damu anahitaji protini kama gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na yai moja lina gramu 6 tu. Bado kuna wagonjwa wangu wanaokula ugali na mboga za majani kwa sababu mtu aliwaambia protini inaua figo. Ushauri wa kupunguza protini ni wa kabla ya mashine. Ukishaanza, mashine yenyewe inaondoka na sehemu ya protini yako.

Kwa moyo, omba kipimo cha eko (picha ya moyo kwa ultrasound), hasa kama kushuka kumeanza ghafla kwa mtu aliyekuwa hana tabia hiyo. Baada ya hapo daktari ana njia zake: kuvuta maji peke yake kwanza halafu kusafisha, kubadili kalsiamu au sodiamu ya maji ya mashine, kidonge cha midodrine cha kubana mishipa nusu saa kabla ya kikao, au kuzungumzia usafishaji wa kupitia tumboni, ambao huvuta maji polepole mchana na usiku.

Wapo ambao presha yao hupanda wakiwa kwenye mashine. Wengi wao wana maji zaidi ya tunavyodhani, na uzito mkavu wao unatakiwa kushushwa.

Hapa usitazame saa

Maumivu ya kifua. Kukosa pumzi ghafla au kikohozi kilichoanza papo hapo. Maumivu ya mgongo huku damu kwenye mirija ikigeuka rangi ya zambarau iliyokolea. Mdomo kwenda upande, mkono kulegea, maneno kuchanganyika. Kuwashwa mwili mzima na uso kuvimba dakika za mwanzo. Usimtafute nesi wako, piga kelele aje yeyote.

Ukishateremshwa

Kaa kitini dakika 10 hadi 15, miguu ikining'inia, upimwe umekaa kisha umesimama. Usipande bodaboda peke yako siku presha iliposumbua. Kwenye daftari andika vitu vitano: uzito wa kuingia, uzito wa kutoka, saa presha iliposhuka, ulichokula na dawa ulizomeza asubuhi. Vikao sita vya daftari hilo humsaidia daktari kuliko maneno "huwa inashuka sana".

Usiku huo, kabla ya kulala, weka vidole viwili juu ya fistula. Presha ikikaa chini muda mrefu damu hupita polepole na fistula huweza kuziba. Unatakiwa usikie mtetemo, kama simu inayotetema ndani ya mfuko wa suruali. Kama haupo, na sikio likiwekwa juu yake halisikii mvumo, usingoje kikao cha Alhamisi. Nenda usiku huo huo. Ikiwahiwa, mara nyingi huzibuliwa.